Nsansa zenye mchanga

Jumapili jioni

Nani asiyejua kwamba nsansa huoshwa? Ni majani ya kunde yaliyoanikwa juu ya mwamba, mchanga haukosi. Ndiyo maana kwenye grupu la familia niliandika tu: chemsha, tia karanga za kusaga, dakika ishirini umemaliza.

Mdogo wangu Masanja, aliyeko machimboni Geita, akawapikia wenzake. Mchana akanipigia. "Dada, wamegoma kula. Wanasema wazipitishe kwenye karai, huenda zina dhahabu."

Nimecheka mpaka machozi. Nilisahau kwamba yeye alikulia machungani, jikoni hakuingia.

Lakini tangu aende huko hakuwahi kupiga simu hadi leo, na kila nikisikia shimo limetitia nabaki kuitazama simu...

Kesho namtumia maelekezo ya kupika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Kuna hatua moja nitaisahau.