Nyasi za Nyuma ya Hoteli

Bula Iftin, Garissa
Jumanne, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Sirad,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, abaayo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia. Magoti ya Hooyo yanasemaje? Na Ramla, bado anakataa kusukwa nywele mpaka aahidiwe sukari? Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, naswali, naenda kazini. Mengine utayasoma mbele.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Lakini wewe na mimi tunajua simu yako ilivyo: ikilia tu mtu anabonyeza kipaza sauti, na kabla sijamaliza kuuliza hali, boma zima limeshanijibu, pamoja na mpita njia aliyekuja kuomba maji. Nina neno ambalo sikuweza kulisema namna hiyo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu cha kuandika ulishakicheka mara moja na sijasahau, na pia kwa sababu hapo bomani ni wewe peke yako unayekisoma.

Kwanza habari za mumeo. Mowlid ni mzima. Tangu aje kwangu baada ya ng'ombe wenu kuisha, anafanya kibarua pale soko la mifugo, kupakia wanyama kwenye malori. Wenye malori wanampenda, maana ng'ombe akikataa kupanda, Mowlid hampigi. Anasimama ubavuni mwake, anamsemesha polepole mpaka apande mwenyewe. Jioni anarudi, anaoga, anaswali, anakunywa chai ya rangi. Nikimwambia maziwa yapo, anasema maziwa ya mjini yana maji mengi kuliko chai yenyewe. Hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo, abaayo, ndilo linalonimaliza.

Unakumbuka nilipopata kazi kwenye mradi huu wa malisho, nilivyokuja nyumbani nikiwaeleza kama mwalimu. Niliwaambia kuna setilaiti inayopiga picha nchi yote kutoka juu, na kompyuta inazichukua picha hizo pamoja na habari za mvua, inapiga hesabu, kisha inatoa ramani ya mahali patakapokuwa na nyasi miezi inayokuja. Ofisini tunaiita modeli. Kitu ambacho sikukieleza vizuri ni kwamba modeli inaona rangi tu. Kijani cha nyasi na kijani cha ile miti ya miiba, mathenge, kwake ni kimoja, na wewe unajua mathenge haukauki hata jua liwake vipi. Kwa hiyo lazima mtu aende kwa miguu yake, asimame mahali penyewe, aiambie hapa ni nyasi, hapa ni miiba mitupu. Yenyewe hujifunza kwa maneno yake, halafu inakisia kwingine kote ambako hakufika. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hooyo aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema kumbe mwanawe ni sahan, ila huyu wake analipwa mshahara. Nyote mkacheka, nami nikavimba kichwa. Tangu utotoni tumewaona masahan wakitangulia mbele ya familia kwenda kutazama malisho na maji, na wakirudi hakuna aliyewadai ushahidi. Sahan akisema nyasi zipo, nyumba zinabomolewa siku ileile na watoto wanapakiwa juu ya punda. Akidanganya, hatumwi tena mpaka kufa kwake, na watu hawamwachii hata ndama wa kuchunga. Hooyo alinipa jina kubwa siku ile, na mimi nililipokea kama mtu anayepewa kikombe cha chai.

Ukaja msimu huu wa Jilaal, na ukame wake. Mlinipigia simu mkiwa mmemzunguka Mowlid, kwa sababu wakati ule neno la kuhama lilikuwa lake. Alio, sahan wenu wa siku zote, alikuwa ameshafunga mzigo wake na kujaza kibuyu, tayari kutangulia mpaka kwenye mkondo mkavu wa Laga Warabe. Mowlid akaniuliza mimi kwanza. Nikasema, kwa sauti ile yangu ya ofisini, kwamba Laga Warabe ni kijani kando zote mbili, kwamba nimepaona kwa macho yangu, na hakuna haja ya kumchosha Alio. Nikawatumia picha ya ramani kwenye simu. Nilimsikia Alio kwa mbali akitania kwamba mashine imemnyang'anya kazi. Akafungua mzigo wake.

Yaliyofuata wewe uliyaona, mimi nilihadithiwa. Mlifika na ng'ombe wamechoka, wengine wana mimba, mkakuta ukuta wa mathenge na chini yake mchanga. Kurudi hamkuweza. Uliniambia ng'ombe wa Hooyo, yule mwekundu, alikuwa akiingiza kichwa kwenye miiba kutafuta kitu cha kula na kukitoa kina damu, mpaka alipolala na hakuinuka. Uliniambia ukilia, na mimi nikakuambia ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kadari ipo, sikatai. Lakini siku ile nilijificha nyuma yake.

Wazee walipokaa kuuliza nani aliyewapeleka kule, Mowlid alisimama akasema kosa ni lake. Alisema ramani ya Jelle iko sawa, ila yeye hakujua kuisoma, kwamba nyasi ziko ng'ambo ya pili ya laga, naye akawapeleka ng'ambo hii. Hakuwa akinifunika, abaayo. Aliamini hivyo kabisa. Jelle amesema amepaona, na Jelle hasemi uongo, basi macho yaliyokosea ni ya Mowlid. Wazee wakamvua neno la kuhama. Na wewe uliniambia kwenye simu, huku yeye amekaa karibu anasikia, kwamba umeolewa na kipofu. Nami nikakuacha useme hivyo.

Juzi tulikuwa tunanawa mikono tule. Mimi ndiye niliyeshika birika, namimina. Akasema bila kuniangalia, "Seddi, shemeji yangu, unisamehe. Nimekuharibia jina lako la kazi kwa sababu ya kutojua kusoma kitu ulichonipa." Kisha akanieleza kwamba mvua za Gu zimechelewa, na kwamba Alio na jamaa zake wanajiandaa kuhamisha ng'ombe wao waliobaki. Ijumaa hii baada ya swala watakaa kukubaliana. Wanataka kwenda ileile Laga Warabe, lakini safari hii ng'ambo ya pili, kule ambako Mowlid amewaambia ndiko ramani ilikokuwa inaonyesha.

Maji yalijaa kwenye beseni yakamwagika miguuni mwetu. Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Sasa soma polepole, Sirad.

Sikufika Laga Warabe. Si ng'ambo hii wala ile. Mwaka jana walinituma niende sehemu kadhaa, na za kwanza nilikwenda kweli. Ya Laga Warabe ilikuwa ya mwisho. Pikipiki ilikuwa imeshatoboka magurudumu njiani, jua lilikuwa kali, na kwenye kituo kidogo cha barabarani kulikuwa na hoteli yenye kivuli na vijana waliokuwa na miraa. Nikakaa. Nilijiambia napumzika. Saa za kwenda zikapita nikiwa nimekaa palepale, nikitafuna na kuwasimulia watu wasionijua jinsi kazi yangu ilivyo ngumu.

Simu ya kazi ilitaka picha. Nyuma ya ile hoteli, pale mama mwenye hoteli alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo, palikuwa na kipande cha nyasi, mbichi, ndefu, kipana kama mkeka wako wa kuswalia. Nilipiga magoti, nikaiweka simu chini kabisa, nikapiga picha ili kionekane ni uwanda. Nikaandika: Laga Warabe, kando zote mbili, nyasi nzuri. Nikasema mtandao ulikataa kuonyesha mahali nilipo. Ofisini walinisifu kwa picha safi.

Basi ng'ombe wetu wamekufa wakifuata maji machafu ya sahani. Ndivyo ilivyo, sina namna nzuri ya kulisema. Na modeli, maskini, ilinisadiki kama Mowlid alivyonisadiki. Ilichukua kijani kile cha mathenge ikakiita nyasi kwa sababu mimi nimesema, kisha ikaenda kuita nyasi kila kijani kinachofanana nacho. Watu husema kompyuta imekosea. Hii haikukosea. Ilidanganywa.

Jana niliazima pikipiki nikaenda. Nilivuka laga kwa miguu. Ng'ambo ya pili ni mathenge vilevile, labda mzito zaidi, hakuna hata unyasi wa kumshibisha mbuzi mmoja. Nilipita pia mahali mlipokaa. Mifupa ipo. Nilitafuta pembe za yule mwekundu nikashindwa kuzijua, na nikaona haya hata kuendelea kutafuta, kwani sikuwa nimemwuliza Hooyo hali yake tangu siku ile.

Leo asubuhi nimemwambia Hinda, mkubwa wangu wa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina ndugu kule. Nikamjibu. Ameiondoa ramani, na nadhani kazi yangu imekwisha, kama inavyostahili. Lakini picha niliyowatumia bado imo kwenye simu zenu, na hiyo Hinda hawezi kuifuta.

Aliyekuletea barua hii ni Mowlid mwenyewe, anakuja na lori la Khalif. Nilitaka nimwambie uso kwa uso. Nimejaribu leo mara mbili. Mara ya kwanza nilimwuliza kama ana viatu vya safari, mara ya pili nikamsifu kanzu. Ndiyo maana ameibeba mfukoni asijue amebeba nini, na hiyo nayo ni aibu juu ya aibu, iongeze kwenye fungu langu.

Nakuomba mambo mawili tu. Akifika, mkaribishe akae, mpe chai ya maziwa, kisha umsomee yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote. Na ulilomwita, ulirudishe. Halafu uisome mbele ya Alio na wazee, neno kwa neno, kwa sauti kubwa kuliko kipaza sauti cha simu yako, ili asihame mtu. Usinipunguzie hata mstari wa miraa. Mimi nakuja na lori la Alhamisi inshallah, na Ijumaa nitasimama mwenyewe mahali aliposimama yeye. Nikitumwa kukaa nje ya boma, nitakaa nje.

Mpe Hooyo salamu zangu ikiwa atazipokea. Mbusu Ramla. Allah awahifadhi nyote na awaletee mvua.

Ni mimi ndugu yako,
Jelle

Nimeifungua tena bahasha. Mowlid ameingia sasa hivi na mzigo wake, akaniona bado nina kalamu mkononi, akauliza ni salamu gani hizi zisizoisha. Nikamwambia ni za nyumbani. Akasema basi niongeze neno lake moja, nimeandika kama alivyolisema: "Mwambie Sirad asimkasirikie Jelle. Yeye alifanya kazi yake."