Kamera ya Salo Ilisikia Maneno ya Nyama

Njo vile, Maman mshauri, siku ya dote, ile mahari ya mujukuu wangu Umurerwa, ule mzee musemaji wa upande ya kijana akasimama akasema, "Tumekuya na nyama yetu, ile ya kubeba mu kitenge, tusibasumbue." Ile neno ni yangu! Niliisema siku tatu mbele ya hiyo, mu salo yangu hapa Mururu, mule tunapokeaka bageni, bantu ya familia tu, mulango imefungwa, tukipanga hiyo dote. Nilisema mama ya kijana, Maman Mirindi, alibeba nyama mu kitenge ku ndoa ya bantu mpaka mafuta ikamutiririka ku magoti. Na ni kweli, niliona na macho yangu, ilikuwa ndoa ya binti ya pasta, mvua ikapiga, hema ikaangukia bachoraliste ba kwaya, moja akapoteza kiatu... achia hiyo.

Nani alipeleka maneno? Kamera! Mutoto wangu Osée, anatumika Kigali, aliniwekea kamera juu ya kabati, inapita mu interneti, aone kama nimekunywa dawa ya tansio, ile presha ya damu. Inaongea pia: mwenye kuangalia akisema kwake, sauti inatokea hapa. Niko nachambua maharagi yangu, nasikia "Maman, dawa!" Nusura nikufe na hiyo tansio yenyewe. Sasa, bamama ya maombi banakutanaka kwangu kila juma, na mvua ikinyesha bale ba Nkanka habawezi kupanda mulima. Nikabapatia kode, ile namba ya siri ya kufungua kamera, bote kumi na mbili, bafuate maombi mu telefone yabo. Ni zambi gani? Na mu bale kumi na mbili iko Antoinette, dada ya Maman Mirindi. Miye nilizania maombi ikiisha kamera nayo inalala.

Sasa Maman Mirindi anasema mutoto wake hataoa kwa bantu ya matusi. Umurerwa hakuli, haniongeleshi. Osée ananifokea: "Maman, kode ni ufunguo ya nyumba!" Si angesema mbele? Aliniambia tu nisiipanguse na maji! Niliifunika na kitambaa ya meza, Osée akapiga simu: "Maman, mbona giza?" Nikafunua. Iko inaniangalia hata sasa, vile nasema na jirani yangu Patricie anaandika, juu miye sikusoma. Nikatae kama sikusema? Niseme kamera imedanganya? Ama ni...

Ngoja. Kabati inaongea.

"Maman Osée! Jina yangu mumeiandika muzuri? Toka inje, niko ku mulango."

Ni Antoinette. Patricie, acha pale pale, naenda.

*

Maman Osée,

Pole sana. Lakini mama yangu, barua ya siri unaisemea mbele ya kamera ile ile?

Kukataa, hapana. Kamera haikudanganya, ilibeba maneno yako kama yalivyo. Osée naye ana kosa: alikuletea kitu chenye masikio bila kukufundisha kukifunga. Na Antoinette, aliyesikiliza kikao cha familia ya watu hadi mwisho, asituambie alikuwa anaomba.

Chomoa ile waya leo, kabla ya kula. Osée akuje mwenyewe, aweke kode mpya isiyo jina la Umurerwa wala la ng'ombe wako, na azitoe mu kamera zile telefone zote kumi na mbili. Kamera itoke mu salo, iangalie mlango wa inje. Dawa atakukumbusha kwa simu, kama watoto wengine. Bamama wa Nkanka muwapigie, maombi yakiisha mnakata.

Kisha uende kwa Maman Mirindi kabla ya Jumapili. Usitume Osée, usitume pasta, usituandikie barua ingine. Umwambie mbele ya watu wake: nilisema, nilikukosea, watoto hawana kosa. Ya hema na kiatu, uyaache nyumbani. Akikupa chakula, kula.

Na akikufungia nyama ya kurudi nayo, mama, ibebe mu kitenge.