Picha ya Pili, Bila Renata

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA PELL, WISCONSIN
MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KIFO CHA RENATA DAHLKE

Jina: Emmett Kowalke
Umri: miaka 26
Kazi: mpiga picha, mhitimu wa shahada ya falsafa
Makazi: Mtaa wa Kinu, juu ya duka la rangi, mjini Varney
Mwandishi wa maelezo: Sajini Marlys Oberg
Tarehe: Jumatano, 16 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa. Nimeonywa nieleze niliyoyaona na kuyasikia tu, si ninayoyadhani. Nilimjibu Sajini kwamba wanafikra wamebishana kwa karne nyingi kuhusu mpaka wa mambo hayo mawili na hawajaafikiana. Akasema, "Hapa hatubishani, Emmett. Hapa tunaandika." Nimekubali.

Mwishoni mwa Septemba nilipigiwa simu na Bi. Lorraine Dahlke, mjane anayemiliki shamba la kranberi, zile beri nyekundu zinazovunwa kwa kujaza kitalu maji, lililo kaskazini mwa mji. Alitaka picha za familia za msimu wa kupukutika majani, za kuwatumia jamaa wakati wa Krismasi. Kama wakulima wengi wa kwetu, alitaka zipigwe ndani ya kitalu wakati wa mavuno, maji yakiwa yameshafunguliwa na beri zikielea juu, nao wakiwa wamevaa zile suruali za mpira zinazofika kifuani. Aliniambia amekwisha kuchagua rangi za nguo: nyeupe ya maziwa na kahawia. Niliona ni uchaguzi mzuri, na nikamwambia hivyo.

Mnamo tarehe 13 Oktoba, Jumapili, nilifika shambani saa kumi alasiri. Niliwakuta watu wanne: Bi. Lorraine, mwanawe Curtis, anayeliendesha shamba, Renata, mke wa Curtis, na binti yao Hattie, mwenye umri wa miaka minane. Watatu walikuwa wamevaa rangi zilizokubaliwa. Renata alikuwa amevaa sweta la manjano.

Bi. Lorraine alimtazama akasema, "Manjano? Nani aliyekwambia?"

Renata akajibu, "Hakuna aliyeniambia nivae nini, mama."

"Ungeuliza."

Curtis akacheka. "Mwache, mama. Angalau giza likiingia tutamwona alipo." Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye yule Profesa? Nimesikia umesoma miaka minne ili uje kutuambia tutabasamu."

Nilimjibu kwamba miaka minne haikutosha, kwa kuwa bado sijampata wa kutabasamu. Hattie alicheka sana. Naeleza haya ili ieleweke kwamba mpaka hapo sikuona jambo lolote lisilo la kawaida. Familia nyingi hupigana vijembe kabla ya picha.

Walivalia suruali za mpira ghalani. Renata alihangaika na yake, na Hattie akamwambia, "Mama, umeingiza mguu wa kulia kwenye kushoto!" Renata akasema, "Mtu wa mjini mimi, nivumilie." Aliniambia kwamba ameishi shambani hapo miaka tisa, ila kazi yake iko kliniki ya meno mjini, na kwamba hajawahi hata mara moja kuingia kitaluni maji yakiwa yamejaa.

Wakati Hattie amekwenda kumtafuta paka, Renata aliniomba nipige pia picha moja yao wawili tu, yeye na mtoto. Alisema, "Ya kutundika Duluth."

Nikauliza, "Duluth kuna nini?"

"Kuna dada yangu. Tunahamia kwake baada ya Sikukuu ya Shukrani, mimi na Hattie. Curtis anajua."

Hakunong'ona. Nilipogeuka nilimwona Bi. Lorraine amesimama mlangoni mwa ghala, makoti yamejaa mikononi. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alisema, "Twendeni, jua linazama." Jua lilikuwa bado juu. Nilitaka kumsahihisha nikanyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu watathibitisha kuwa si desturi yangu. Tulipokuwa tukitoka nilimwona akimshika Curtis mkono na kumvuta kando. Walizungumza kwa muda mfupi. Sikusikia neno.

Kitalu kilichochaguliwa kina umbo la mstatili na kimezungukwa na tuta la mchanga. Mimi nilisimama juu ya tuta pamoja na kamera. Familia iliingia majini kwa kupita juu ya ubao uliolazwa kutoka kwenye tuta. Curtis alimshika Renata mkono akamwambia, "Kanyaga ubao tu." Nilidhani ubao ule umewekwa ili watu wasikanyage matope. Hilo ni kosa langu, na sina mwingine wa kulibebesha. Nimezaliwa katika kaunti hii, na nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wa rika langu, lakini sikujua kwamba chini ya ubao ule kuna mfereji, na kwamba mfereji huo unakizunguka kitalu pande zote nne, chini ya maji na chini ya beri, mahali ambapo jicho haliwezi kuuona. Kwenye kitalu chenyewe maji hufika mapajani. Mferejini, hasa karibu na mlango wa maji, yaani mtambo wa chuma wa kuyafungulia na kuyafunga, humfunika mtu mzima.

Kuhusu mahali pa kusimama, naomba iandikwe kwa ukamilifu. Mimi nilipendekeza kona ya mashariki, ambako miti myekundu ya kilimani ingekuwa nyuma yao na jua lingewapiga ubavuni. Curtis alitaka kona iliyo karibu na mlango wa maji. Nilimweleza kwamba pale jua litawaumiza macho, kwamba ule mtambo wa chuma utaonekana pembeni, na kwamba beri ni chache. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza.

"Profesa, shamba hili la nani?"

"La kwenu."

"Basi tunasimama pale."

Nilipiga picha ya wote wanne. Walipendeza. Kisha Bi. Lorraine akasema, "Sasa moja bila Renata."

Ombi hili si geni katika kazi yangu. Familia nyingi hutaka picha ya pili isiyo na mkwe, isije ndoa ikavunjika wakabaki na sura wasiyoitaka ukutani. Mimi huipiga kwa mzaha ili anayetolewa asione haya. Nilisema, "Renata, kapumzike, umeshawapendezesha vya kutosha."

Renata akacheka. "Kila mwaka ndiyo hivi. Mimi ni kitundikio cha makoti cha ukoo huu." Akaanza kuja kwangu, kuelekea kwenye ubao.

Bi. Lorraine akamkemea, "Usipite mbele! Utachana beri."

Alikuwa sahihi kwa upande wa sanaa. Mtu akitembea kati ya kamera na watu, beri hujitenga na kuacha njia nyeusi ya maji ambayo haifungiki upesi. Nilisema kwa sauti, "Ni kweli, zulia la beri litaharibika." Naomba maneno hayo yaandikwe kama nilivyoyasema.

Renata akauliza, "Sasa niende wapi?"

Curtis akasema, "Rudi nyuma. Huko upande wa mlango wa maji."

Akarudi nyuma, uso wake ukiwa bado kwetu, akimfanyia Hattie vituko ili acheke: alivuta masikio, akatoa ulimi. Bi. Lorraine aliniuliza, "Bado anaonekana?" Nikatazama kwenye kamera nikasema, "Bado. Bega." Akamwambia Renata arudi tena. Akaniuliza tena, nikasema, "Bado, mkono." Nilisema kweli. Mkono ulikuwa unaonekana.

Hapo Hattie alisema, "Bibi, mama anaenda mferejini."

Nilisikia. Nathibitisha kwamba nilisikia neno kwa neno, nami, juu ya tuta, nilikuwa mbali na mtoto kuliko baba na bibi yake; Renata alikuwa mbali zaidi, bado anafanya vituko. Bi. Lorraine alimshika Hattie kidevu, akamgeuza uso kuelekea kwangu, akasema, "Tazama kamera, mpenzi." Curtis hakugeuka. Alikuwa akitabasamu kwa ajili ya picha.

Nami nikasema, "Hattie, nitazame mimi." Nikapiga.

Sauti ya maji haikuwa kubwa. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye kamera, upande wa mlango wa maji hapakuwa na mtu. Palikuwa na duara jeusi la maji, na beri zilikuwa zikirudi kulifunika kutoka pande zote. Zikalifunika. Ungeniuliza wakati huo ni wapi mwanamke aliposimama, nisingeweza kukuonyesha.

Niliita, "Renata!" Nikarukia majini na viatu vyangu nikazama kwenye mfereji wa upande wangu, ndipo nikajua maana ya ubao. Nilipopata pa kukanyaga, Curtis alikuwa bado amesimama alipokuwa amesimama. Nilimpigia kelele. Alisema, "Tulia. Ataibuka mwenyewe." Hattie alikuwa akilia akijaribu kujinasua, na Bi. Lorraine amemkumbatia kwa mikono miwili.

Renata hakuibuka. Nilifika pale nikapapasa chini ya beri mpaka nikashika sufu ya sweta. Nilivuta nikashindwa, suruali ya mpira ilikuwa imejaa maji. Ndipo Curtis alipokuja. Alimtoa kwa mkono mmoja. Hakupapasa. Hakutafuta ukingo kwa mguu. Aliukaribia mfereji moja kwa moja, akasimama hatua moja kabla yake, akainama.

Nilipiga simu ya dharura saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, kama kumbukumbu ya simu yangu inavyoonyesha. Renata alifariki hospitalini alfajiri ya Jumatatu bila kuzinduka.

Jana, tarehe 15 Oktoba, saa nane mchana, Bi. Lorraine alikuja studio kwangu. Aliniletea pai ya tufaha, ingali moto. Alisema anataka picha, ile ya bila Renata tu, kwa kuwa nyingine zitamuumiza mtoto. Nilimwambia siwezi kutoa picha yoyote kabla polisi hawajaziona.

Akasema kwa utaratibu, "Emmett, mwanangu, sote tulikusikia. Wewe ndiye uliyekuwa unasema bado, bado. Curtis amekwisha kuwaeleza polisi kwamba mpiga picha alikuwa anamrudisha nyuma. Lakini sisi hatuna kinyongo na wewe. Ajali ni ajali. Kijana kama wewe una maisha mbele yako."

Nikamuuliza, "Na Hattie amewaeleza nini?"

"Hattie ni mtoto. Hakuona kitu."

Nilimsindikiza mpaka garini. Hattie alikuwa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Nilimsalimia. Alimtazama bibi yake kwanza, kisha akatazama magoti yake. Bi. Lorraine akasema, "Amepata mafua, sauti imekauka," akafunga mlango.

Pai sijaila. Nimekuja nayo, iko mezani kwa Sajini.

Sajini ameniuliza kama natambua kwamba maelezo haya yananitia mimi pia hatiani kwa namna fulani. Natambua. Sipunguzi neno. Nilisema "bado", nikatetea zulia la beri, nikamwita mtoto anitazame mimi wakati alipokuwa anamtazama mama yake akienda kufa. Atakayetaka kunilaumu ataanzia hapo, nami sitabishana naye. Lakini nakataa kwamba sisi watatu tulijua kitu kimoja. Mimi sikujua kuna nini nyuma ya Renata. Curtis ameuchimba mfereji wa kitalu kile kwa mikono yake, na mama yake ameishi hapo tangu alipoolewa. Na kama mtu angetaka kusema kwamba walisahau, basi mtoto aliwakumbusha, kwa sauti, kabla sijapiga.

Sajini amenikumbusha kwamba aya hiyo inakaribia kudhani. Nimeomba ibaki.

Nimeuliza pia ni nani aliyezungumza na Hattie tangu Jumapili. Nimeambiwa kwamba baba yake alijibu kwa niaba yake. Mtoto huyo analala katika nyumba ile. Katika watu walio hai, ukiondoa wawili anaoishi nao, ni yeye na mimi tu tunaojua kwamba alisema. Mimi ni mtu mzima, nina mlango wenye kufuli na mdomo ambao watu wa mji huu wameshauchoka. Yeye hana. Sikuja hapa kusafisha jina langu. Nimekuja ili maneno yake yawe yameandikwa mahali ambapo bibi yake hawezi kuyagusa.

Nimekabidhi kadi ya kamera ikiwa na picha zote, pamoja na ile ya mwisho. Katika hiyo Hattie hatabasamu. Mdomo uko wazi, na vidole vya bibi viko kidevuni.

Haya ndiyo maelezo yangu, yote, na ni ya kweli kwa kadiri ya macho na masikio yangu. Nimesomewa, nimesahihisha nilipoona inafaa, na sina la kuondoa.

Saini: E. Kowalke

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye ameyakubali. Katika rasimu niliandika neno "ajali" badala ya "kifo" kwenye kichwa; shahidi alikataa kutia saini mpaka nilipolifuta. Amemaliza saa tano na nusu asubuhi lakini hakuondoka kituoni. Saa sita kasoro kumi nilituma gari shuleni pamoja na mhudumu wa ustawi wa watoto. Hattie Dahlke ameletwa kituoni saa saba na robo mchana. Hana mafua. Kabla sijamuuliza lolote, aliniuliza kama sasa anaruhusiwa kusema.

Sajini M. Oberg