Kiwiko cha Sweta la Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Sweta la baba mkwe limetoboka kiwikoni. Tundu la kupitisha ndimu! Marehemu mama mkwe alilifuma kwa mikono yake, na mzee halivui ila kwa vita. Kumbukumbu zimemtoka—mimi ananiita fundi bomba—lakini sweta lake analijua. Bila hilo hali chakula. Anafunga mdomo kama sefu.

Mke wangu kasema tumpelekee fundi cherehani. Wa nini, na mimi nipo? Mtu niliyepika melini, nikashona hadi turubai katikati ya dhoruba! Amecheka mpaka akakaa chini. Haya. Atasalimu amri mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Mzigo wangu wa mtandaoni umefika. Niliagiza uzi wa sufu, kijivu kama sweta lenyewe. Umekuja—zambarau! Nikawapigia niwachambe. Binti wa huduma kwa wateja, kwa upole wa kuudhi, kaniuliza: baba yangu, simu yako hujaiwekea ule mwanga wa manjano wa kupumzisha macho, unaobadilisha rangi?

Nimeiwekea. Nikakata simu kwa heshima zangu zote.

Kimekuja pia kidude cha mti, umbo la uyoga, cha kutandazia tundu wakati wa kushona. Mke wangu kauliza kama balbu iliyoungua isingetosha. Mchango wake huo!

Jumamosi, 9 Machi
Nimejiunga na darasa la mtandaoni. Mwalimu ana sauti ya kubembelezea mtoto. Unapanga nyuzi wima, halafu sindano juu, chini, juu, chini, kama unasuka mkeka. Nimejidunga mpaka nikatukana kwa lugha za bandari nne. Lakini kiraka—kiraka! Zambarau, sikatai, ila kimetulia kana kwamba kilizaliwa pale. Nimewatumia picha ukoo mzima. Shemeji, mdogo wake mke wangu, kajibu: "Shemeji, umeshona au umeziba pancha?"

Wivu huo.

Mzee kavalishwa, kamaliza sahani yote.

Jumapili, 10 Machi
Tundu limerudi! Palepale! Nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu. Nimemshuku paka wa jirani. Nimeshona upya.

Jumatatu, 11 Machi
Limerudi.

Jumanne, 12 Machi
Limerudi tena! Uzi gani huu? Duka nimelipachika nyota moja, na maneno ambayo hata melini hatuyasemi mbele ya nahodha. Nimeagiza uzi mgumu kwingine, na darasa la pili: "Mishono Isiyofumuka." Mke wangu kaniuliza kama nashona sweta au nafungua chuo.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemkamata. Si paka. Ni mzee mwenyewe!

Kakaa dirishani, mchana kweupe, anafumua kazi yangu kwa kucha, uzi mmoja mmoja, taratibu kama anachagua mchele. Hasira zikanipanda. Heshima ya mkwe sijui niliiacha wapi. Nikafoka: "Umelitoboa tena?"

Akaacha. Akanitazama. Halafu akacheka! Kicheko chenyewe, cha tumboni, kile ambacho tangu mama mkwe afariki nyumba hii haijakisikia. Akaninyooshea kiwiko, sweta likiwa mwilini, akasema:

"Nigombeze basi, mke wangu. Halafu ushone."

Mimi! Na masharubu haya! Mke wa baba mkwe!

Nikageuka nipate wa kucheka naye, nikamkuta mke wangu mlangoni, hacheki. Kaniambia polepole kwamba ndivyo mama yake alivyokuwa akishona, sweta halivuliwi, huku anamsema mzee mshono kwa mshono. Na mzee hata enzi hizo alikuwa akilichokoa makusudi, ili mama aje akae karibu naye.

Kisha kasema anaenda jikoni kunitafutia miwani.

Basi nimekaa. Kidude cha uyoga hakina kazi leo, kiwiko chenyewe kimo ndani. Uzi mgumu ukifika nitaurudisha ulikotoka. Zambarau inatosha, tena inafumuka vizuri.

Mzee hana subira, ananisukuma. Nimegombana na manahodha mimi, nimegombana na maaskari wa forodha, leo neno la kwanza halitoki. Mama mkwe alikuwa akianzaje? Mke wangu anajua. Nimemwita, kajibu bado anatafuta, na sauti yake si nzuri.

Miwani ninayo kichwani. Sijamwambia.

"Mama we," mzee kasema, kiwiko bado hewani, "leo umeninunia?"