Ile Glasi Iliyogeuka Nyeusi

Mama,

Shikamoo. Leo binti yako Aika amekula mtori wangu wa ndizi. Amekula bakuli zima, akaomba la pili. Nimesema nikuandikie kabla jiko halijapoa, maana mwingine hataelewa uzito wake.

Unaikumbuka ile glasi? Tulikuwa tumetoka nawe hospitali mjini, tukapewa unga wa vitamini na madini. Nikakukorogea kwenye maji ya uvuguvugu, ukaonja, ukakunja uso. "Mkamwana, mimi sili misumari. Tia chai." Nani angebishana na wewe? Nikamimina chai ya rangi, iliyokolea kama upendavyo. Papo hapo ikawa nyeusi tii, kama oili chafu. Tulicheka, ukanywa. Aika alikuwa amesimama mlangoni.

Wiki ileile moyo wako ukasimama. Daktari alishatuambia umechoka, lakini Aika hakutaka habari za moyo. Msibani alisema mara moja tu, wanawake wote wakisikia: "Mimi niliiona ile glasi." Basi, tangu hapo chakula changu kikawa sumu. Jumapili akitoka kanisani alipita kuwasalimu watoto, hata maji hakugusa. Iliniuma, Mama. Na kibaya zaidi, mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza. Nilikuwa nafagia majani ya migomba juu ya kaburi lako huku naona aibu, kama vile unanitazama.

Sasa sikia. Aika ana mimba, ya kwanza. Kliniki wakamwambia damu ni ndogo, wakampa unga kama ule wako. Akakoroga, akaonja, akaona misumari, akatia chai. Ni binti yako kabisa huyo. Juzi nikamwona anakuja kupitia migombani, tumbo mbele, glasi mkononi, nyeusi tii. Nilidhani anakuja kunipiga nayo. Akaiweka mezani, akalia mpaka akakosa pumzi.

Tuliimimina kwenye chupa, tukateremka nayo kliniki. Muuguzi hata hakushangaa. Alisema ule unga una madini ya chuma, na chuma kikikutana na chai vinashikana, vinakuwa vyeusi namna ile. Si sumu, ila mwili haukipati vizuri hicho chuma. Akakamulia limau, na weusi ukapauka tukiuona. Anywe kwa maji na limau, chai ikae mbali. Ndiyo hiyo tu. Mwaka mzima nimebeba chai, Mama! Nilicheka pale kliniki hadi watu wakageuka, kisha nikalia, kisha nikapumua. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilipumua vile.

Leo asubuhi nilimkuta Aika mlangoni na jani la isale la kuombea msamaha, amelifunga fundo. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Unajua kwetu jani hilo halikataliwi, lakini hata lingekuwa linakataliwa nisingelikataa. Nikamwambia aingie, mtori uko jikoni.

Pumzika sasa, Mama. Wewe ulijua mkono wangu ulikuwa safi. Sasa na mimi najua. Nakuahidi jambo moja: Aika akijifungua, atalala kwangu. Uzazi wake nitaulea mimi, kwa mtori na maziwa, mpaka mashavu yajae. Na chai nitamnyima, hata akinikunjia ule uso wako.

Mkamwana wako,
Mama Neema