Sauti ya Mfalme ni ya Fundi Baiskeli

Jumatatu, 3 Machi

Leo saluni ilijaa, na mimi nilijaa zaidi. Nimewaambia wote! Mteja wa kwanza, wa pili, mpaka yule aliyekuja kuulizia bei tu. Binti yangu ametajwa kwenye ukurasa wa wacheza gemu wa dunia nzima. Modi yake ya Kiswahili watu wanaichukua kama maji ya bomba.

"Modi ndiyo nini?" kauliza mmoja, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kampuni inatengeneza gemu, halafu wachezaji wenyewe wanaitilia vya kwao — nguo, nyumba, lugha — bure, kwa mapenzi tu. Hii gemu ni ya mji wa kale, una ngome na mfalme. Watu wa mji ule walikuwa wanaongea Kiingereza kitupu. Sasa wanaongea kama sisi. Na yule mama wa langoni anayewafokea wageni, "Hodi huijui? Kwenu hakuna mlango?" — ni mimi! Sauti yangu hii hii!

Nikaitoa palepale. Walicheka mpaka nikapindisha mstari kwenye kichwa cha watu. Nimefumua, nimeanza upya. Sikujali.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni ya gemu imeuzwa. Binti kanambia wakati naosha vichana. Kampuni kubwa imeimeza ile ndogo, nzima nzima.

Nikasema hongera zao. Kanitazama kama nimemwagia maji mgeni.

Kumbe si ya hongera. Wale wa zamani walikuwa wachache na walipenda watu. Mlango waliuacha wazi, mwenye modi aingize modi yake. Hawa wapya, kila gemu wanayonunua wanaitia kufuli na kufungua duka lao ndani. Kwenye kikundi chao — binti na wenzake, wengine hawajawahi hata kuonana — wanaandikiana mpaka simu inachemka. Kuna mmoja wanamwita Bundi, yuko nchi ya mbali huko, ndiye anayeilinganisha midomo ya watu wa kwenye gemu na maneno yetu. Bundi kasema mwisho wa mwezi likija toleo jipya, modi zote za nje zitakuwa bubu. Bubu! Kazi ya miaka mitatu. Mfalme afumbue mdomo, lisitoke neno.

Nikamwambia, mwanangu, wewe nimekuzaa mimi, hakuna wa kukunyamazisha. Kacheka kidogo. Chakula kala nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Wamemwandikia! Kampuni yenyewe! Wanataka waongee naye kwa video Jumanne. Wanasema kazi yake imewavutia.

Wifi alikuwepo, amekuja kusuka bure kama kawaida yake. Kaanza: "Lakini wifi, mtoto kasoma vile, mpaka leo ni gemu tu? Wenzake wanatafuta kazi."

"Wenzake wanatafuta kazi, wifi. Yeye kazi imekuja kumtafuta."

Nikavuta msuko kidogo, asisahau.

Na asijifanye hajui gemu! Naye yumo. Ndiye sauti ya mchawi wa msituni. Binti alimrekodi mara moja tu, mazoezi hakuhitaji.

Mtaa mzima umo. Tulirekodia stoo, katikati ya mafurushi ya nywele za rasta, mtu anafunikwa blanketi kichwani ili kelele za barabarani zisiingie. Muuza dawa ndiye mganga wa malkia. Mwalimu wa watoto wadogo ndiye jambazi, na alilifurahia mno hilo jambazi. Na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara ndiye Mfalme. Alitoka jasho chini ya blanketi lile! "Fungeni malango! Asiingie mtu!" Tangu hapo ukimpelekea pancha anakwambia, ilete mbele ya kiti cha enzi. Mtaa mzima tunamwita Mfalme, na anaitikia.

Jumanne, 11 Machi

Siku kubwa. Nimevaa kile kilemba cha harusi.

Kijana wa kampuni anaongea Kiswahili, safi, cha kusomea, kila neno limepigwa pasi. Binti alikaa saluni mbele ya kioo kikubwa, kompyuta juu ya meza ya mafuta. Mimi nilikuwa nafagia. Sawa — sikuwa nafagia, nilikuwa nimeshika ufagio.

Kijana kasema wanataka Kiswahili kiwe ndani ya gemu yenyewe, rasmi, dunia nzima. Na binti aajiriwe, akiangalie. Aajiriwe! Nikaingia kwenye kamera mwenyewe. Nikamsalimu, nikamtolea ile ya hodi. Kacheka mpaka akavua miwani. Kauliza, basi mama, haya yote kayafanya yeye?

"Yeye! Peke yake! Mchana na usiku, peke yake, mimi shahidi!"

Binti kainamia kompyuta. Nilidhani ni haya. Mtoto wangu ana haya tangu mdogo.

Nimempigia baba yake, yuko njiani na lori. Kapiga honi ndefu, nikaisikia kwenye simu.

Jumatano, 12 Machi

Kampuni wameandika kwenye ukurasa wao. Modi kubwa ya Kiswahili, kazi ya msichana mmoja peke yake. Na maneno yangu wameyaweka, na picha yangu na kilemba.

Nilianza kuwaonyesha wateja. Binti kaja kaninyang'anya simu. Hajawahi kuninyang'anya kitu.

"Mama, umewafuta wenzangu wote."

Alhamisi, 13 Machi

Kikundi kinawaka moto. Bundi kaandika mstari mmoja tu: Midomo nilikuwa nailinganisha kwa ajili ya nani? Binti kajibu, kaeleza, kaomba radhi. Wengine wameelewa, wengine wameondoka.

Na mtaani wameisoma: fundi baiskeli nimemsalimu mara mbili. Mara zote mbili alikuwa anajaza upepo, hakuinua kichwa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo binti kanikalisha kwenye kiti cha wateja, yeye kasimama, nikamwona kwenye kioo. Mrefu! Lini karefuka hivi?

Kanieleza taratibu zao. Kwenye kikundi hakuna bosi. Aliyetoa sauti, aliyechora, aliyerekebisha koma — jina lake linaandikwa, na modi haihamishwi hata hatua moja mpaka kila mkono useme ndiyo. Mmoja akisema hapana, inabaki ilipo. Hawana mahakama wala polisi. Wana hilo tu. Na kampuni sasa wanataka aseme kwamba yote ni yake, kisha awakabidhi. Akikubali, kazi anayo na Kiswahili kitabaki. Akikataa, mwisho wa mwezi bubu.

Nikamwambia akubali. Ndiyo, nimemwambia! Nani mwingine kakesha? Hao wengine wamesema sentensi mbili chini ya blanketi wakaenda kwao.

"Na wewe umesema ngapi, mama?"

Nikahesabu. Zangu ni nne.

Keshawaandikia kampuni. Kawaambia si yangu, ni yetu. Mnaitaka, majina yote yakae ndani, na mlango wa modi ubaki wazi kwa wengine. Peke yake kaandika hivyo, kwa kampuni kubwa hivyo! Mimi karani wa maji tu ananitetemesha.

Wamejibu jioni. Watakubali, ila kila mwenye sauti aseme mwenyewe ndiyo yake, Jumapili, mbele ya kamera. Atakayekosekana, sauti yake itatolewa, na wao watamweka mwigizaji wao. Binti kasema hapana, akikosekana mmoja hatupo wote.

Nikafunga saluni mapema nikaenda ng'ambo kwa fundi. Nilimkuta kapindua baiskeli, tairi juu. Nikamwambia ndugu yangu, ulimi umeniteleza, unajua mdomo wangu. Nilipaswa kuishia hapo. Nikaendelea. Nikasema lakini na wewe elewa, mimi ni mzazi, mtoto mwenyewe ana akili ya ajabu, tangu chekechea...

Kazungusha tairi. Kaliangalia mpaka likasimama.

"Si ulisema peke yake? Basi peke yake aseme fungeni malango."

Nimerudi. Sijamwambia binti.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia. Nilidhani atalia au atanifokea. Kachukua kiti kidogo cha saluni, kavuka barabara, kakaa karibu na fundi. Nilichungulia dirishani mpaka shingo ikauma. Sikusikia kitu. Niliona anamshikia gurudumu, fundi anakaza spoki. Waliongea kidogo, walikaza sana.

Karudi na grisi mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza, atakuja?

"Hajasema."

"Sasa ulimwambia nini muda wote huo?"

"Nilimuuliza gurudumu linanyooshwaje."

Huyu mtoto! Ningekuwa mimi ningeshamaliza maneno yote ya dunia.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nimekaa chini ya draya, viti vimekwisha. Saluni imejaa na hakuna hata kichwa kimoja cha kusuka. Muuza dawa yupo. Mwalimu yupo, kavaa koti. Wifi yupo, kapaka wanja kama mchawi kweli, na kasema ndiyo yake kwa sauti ileile ya msituni, kijana wa kampuni kashtuka!

Na Bundi! Kawasha kamera kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Kumbe ni mama mtu mzima, rika langu, miwani shingoni, paka mapajani. Kikundi kizima kimepiga kelele. Kanitazama mimi moja kwa moja: "Mama wa hodi, midomo yako ndiyo ilinitesa. Huna kituo!" Nikasema pole dada. Kacheka. Kasema ndiyo. Mimi nimesema ya kwangu vilevile, kwa kifupi, watu hawakuamini. Nikaongeza: hakuifanya peke yake. Nilikosea. Nikakaa.

Wote wameshasema. Kabaki mmoja.

Yuko pale ng'ambo, namwona kwenye kioo kupitia mlango ulio wazi. Ana mteja. Anafunga mnyororo, polepole, kama Jumapili nzima ni yake.

Kijana wa kampuni kasema, kwa adabu zake za pasi, wakubwa wake nao wamo kwenye mazungumzo wanasikiliza, wana kikao kingine. Je, hatuwezi kuendelea bila huyo mmoja?

Wifi kanikanyaga mguu. Nilikuwa nimeshafumbua mdomo, kweli. Nimeufunga.

Binti hajageuka hata kutazama mlangoni. Mikono kaiweka juu ya meza ya mafuta, imetulia.

"Tunamsubiri," kasema.

Kijana kauliza, mpaka lini?

"Mpaka amalize na mteja wake."

Naona wale wakubwa kwenye vidirisha vyao, suti zimewakaa vizuri, mmoja anakunywa maji. Kampuni iliyonunua gemu nzima imekaa inamsubiri fundi baiskeli — na aliyeisubirisha ni mwanangu. Natamani kupiga kelele barabara nzima isikie. Nimejiziba mdomo kwa taulo.

Mteja kapanda baiskeli, kaondoka. Fundi anajifuta mikono kwa kitambaa. Anajifuta kila kidole. Anatazama huku, anaanza kuvuka barabara.