Kipigo cha Makunduchi

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Kimandolu tu wazima, na bibi yako bado ananifokea.

Unauliza kama uende peke yako kwenye ile sherehe ya Agosti huko Hispania, ya kurushiana nyanya, na humjui mtu.

Mimi ujanani nilikwenda Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule Unguja, simjui hata paka. Nikakuta wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, chakula cha ng'ombe wetu! Jamaa mmoja akanichapa mgongoni, nikamrudishia mbili. Tulipochoka akanishika mkono: "Twende kwangu ukale, mkorofi we! Leo nyumba isiyo na mgeni ina mkosi." Wakanilisha wali kama bwana harusi.

Nenda, mama. Ila nyanya yako mrushie mwenye sura ya kujua kupika.

Babu yako